Tarehe ya mwisho isiwe ya mwanafunzi peke yake

Mitihani ya mwisho wa muhula inaanza Jumatatu. Ripoti ya utafiti inatakiwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, nakala tatu zilizofungwa jalada, zikiwa na sahihi ya msimamizi. Katikati hapo nina pepa nne. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa Ngamiani hapa Tanga, na kuna jambo limenikaa rohoni nataka nilitoe kabla sijafungua tena daftari la ekonometriki: tarehe ya mwisho anapewa mwanafunzi, msimamizi hapewi.

Mwanachuo akilalamika kuhusu muda, jibu la watu huwa liko tayari: muhula mzima mlikuwa wapi? Swali ni la haki. Wapo wanaongoja hadi wiki ya mwisho ndipo watafute desa, yaani maandishi ya masomo, la mwaka juzi, na wakisapu, yaani wakifeli na kutakiwa kurudia mtihani, wanamlaumu mwalimu. Hao siwatetei. Nawasemea waliofanya kazi yao mapema na bado wamebanwa.

Utafiti wangu unahusu kipato cha kina mama wanaochemsha na kukausha dagaa. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Siku ya kwanza nilifika Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa Tanga, saa moja asubuhi na madodoso yangu ndani ya bahasha, nikakuta majiko yamepoa na chanja tupu. Mama mmoja alikuwa amekaa kivulini anasuka ukili. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, jana usiku hukuutazama mwezi?"

Sikuwa nimeutazama. Dagaa huvuliwa kwa taa: mashua inatoka usiku, taa inawashwa, dagaa wanaufuata mwanga na kujikusanya, ndipo nyavu zinazungushwa. Mbalamwezi ikiwa kali, bahari yote imemulikwa, taa haina kazi, na wavuvi wanabaki nyumbani. Miaka mitatu chuoni nimesoma jinsi ya kuchagua sampuli, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba pwani kalenda ni mwezi. Nikarudi nyumbani kungoja giza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi.

Giza lilipoingia nikaikuta pwani nyingine kabisa. Moshi kila upande, maji ya chumvi yanatokota, dagaa wanatumbukizwa, wanaopolewa baada ya dakika chache na kumwagwa kwenye chanja wakiwa bado wanafuka mvuke. Yule mama alinijibu bila kuacha kazi, macho kwenye sufuria. Swali la kumi na moja, la gharama ya kuni, alilijibu kwa kunionyesha vidole, maana mdomoni alikuwa amebana ncha ya kanga. Dodoso lake lina doa la maji ya chumvi mpaka leo.

Nilimaliza kukusanya takwimu, nikakaa Maktaba ya Mkoa siku baada ya siku, nikaandika sura ya nne, nikaituma. Leo ni wiki ya tano. Nilipokumbusha mara ya kwanza nilijibiwa, "Nitaangalia." Mara ya pili niliandika "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu," nikafuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Kijana hamdai mkubwa hivihivi. Kwetu ni adabu, na adabu hiyo naipenda, lakini ndiyo inayofanya mpango huu uwe na kasoro: aliyechelewa hakumbushiki, na anayesubiri ndiye mwenye tarehe.

Sina kinyongo na msimamizi wangu. Ana madarasa, ana madaftari ya kusahihisha, ana wanafunzi wengine wengi kama mimi. Mwalimu aliyeelemewa hivyo, bila siku aliyowekewa, atashughulikia kwanza lile linalopigiwa kelele. Tatizo ni utaratibu.

Na gharama yake tunailipa sisi. Mwenzangu mmoja alirudishiwa kazi wiki iliyopita, akaambiwa aanze upya uchambuzi. Sasa analala masaa matatu tu kwa usiku, na mchana anabukua huku kichwa kinamdondoka. Katika vyuo vyetu vingi kozi weki, yaani kazi na majaribio ya muhula, ina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Ukiingia chumba cha mtihani na usingizi, unazichezea zile 60. Ukisapu, ni nauli nyingine, kodi nyingine, na likizo imekwisha. Mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Toa humo kula na chumba, kisha uende stesheneri ukaprinti na kubaindi nakala tatu, halafu uambiwe ukurasa wa 38 una kosa.

Linaloniumiza zaidi ni wale wanaokata tamaa na kwenda kuandikiwa. Mtu alianza kazi yake mwenyewe, kwa moyo, lakini zimebaki siku nne na sura mbili hazijarudi, anamlipa mtu ammalizie. Ni wizi, na ni kosa lake. Lakini chuo kinachomsogeza mtu hadi ukingoni hakiwezi kusema hakikuhusika.

Ninachotaka si kikubwa. Ratiba inayomwandikia mwanafunzi siku ya kuwasilisha sura imwandikie na msimamizi siku ya kuirudisha. Siku kumi za kazi zinatosha. Idara iwe na daftari la kuonyesha kazi ipi iko kwa nani tangu lini, ili mkuu wa idara ndiye aulize, si mimi. Na ripoti ikabidhiwe wiki tatu kabla ya mitihani. Wiki hizo hazitapatikana bure, najua: lazima utafiti uanze muhula wa kwanza, jambo ambalo kwa wanaofuata mwezi kama mimi lingekuwa nafuu kubwa.

Nilipokuwa naaga pale Deep Sea, yule mama aliniomba nikimaliza nimpelekee ule ukurasa wa kuni, mwanawe amsomee, kikundi chao wakautumie kubishana bei na wauza kuni. Nikamwahidi giza lijalo. Giza hilo limeshapita, na linalofuata limekaribia. Ukurasa wake umo katika sura ya nne, na sura ya nne haijarudi.