Posa ya Shangazi na Dola 484

Ijumaa iliyopita shangazi yangu, mwenye miaka 71, alinikalisha mezani, akageuza barua ya SSI, ule msaada wa serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, upande usioandikwa, akanipa kalamu. "Nipigie hesabu, mwanangu. Nikiolewa, tunabaki na ngapi?"

Hesabu zenyewe ni hizi. Kwa viwango vya mwaka 2025, yeye anapata dola 967 kwa mwezi, wala hana kipato kingine. Mzee aliyemposa, mgane kama yeye alivyo mjane, naye ni 967. Jumla 1,934. Wakioana watalipwa kiwango cha mume na mke, 1,450. Zinaondoka dola 484 kila mwezi, 5,808 kwa mwaka. Nilipoandika hiyo ya mwisho, shangazi alivuta leso mpaka kwenye paji la uso, akanyamaza.

Najua nitaambiwa kwamba wakikaa pamoja kodi ni moja na umeme ni mmoja. Haya, nakubali, wawili chini ya paa moja hutumia kidogo zaidi. Lakini shangazi akihamia kwa dada yake, ambaye pia yuko SSI, na kila mmoja akatoa fungu lake la kodi na chakula, wote wawili wataendelea kupata kiwango chao kamili. Jiko ni lilelile, bili ni ileile. Basi msinieleze habari za gharama. Hapa inayotozwa ni ndoa.

Kuna waliomshauri apige nikaha tu, asiende kuchukua cheti cha serikali. Kwanza haisaidii: mkiishi pamoja na mkajitambulisha kwa watu kuwa ni mume na mke, SSI inawahesabu mmeoana, na kilicholipwa zaidi kinadaiwa. Pili, mnamtaka nini huyu mama? Amelelewa akijua ndoa hutangazwa, watu wakala pilau, jirani akajua nani kaoa wapi. Leo, na mvi zake, amwite mume wake mpangaji? Tunamlazimisha mtu mzima achague kati ya heshima yake na kodi ya nyumba, na mimi siwezi kuliita hilo msaada.

Akiba nayo, kikomo kinachoruhusiwa ni dola 2,000 kwa aliye peke yake na 3,000 kwa mume na mke, na kikomo hicho hakijaguswa tangu 1989.

Zanzibar, ilipoanza pensheni jamii mwaka 2016, kila mzee wa miaka 70 alipewa shilingi 20,000 zake, aliyeoa na asiyeoa. Hela kidogo, lakini bibi alipewa zake na babu zake.

Jana tulikunywa chai ya tangawizi na Mzee baada ya Isha. Saa nne akavaa kofia, akachukua bakora yake, akaingia kwenye lifti kurudi kwake ghorofa ya tatu. Shangazi alisimama mlangoni mpaka lifti ikafunga. Barua bado iko mezani, upande wenye hesabu juu.