Mikate Iliyotangulia Msibani

Mtu anayesambaza mikate kwa baiskeli mjini Tanga huuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, lami huwaka moto kiasi kwamba viraka vya mpira wa ndani hubanduka vyenyewe, nawe hujikuta umechuchumaa chini ya mwembe ukiazima pampu kwa watu usiowajua. Kipupwe kinapoingia mwezi wa Juni jua hupoa, lakini kusi hulikamata lile sanduku pana lililo nyuma yako, ukanyonga pedeli kwa nguvu zote huku mzee mwenye mkongojo akikufikia, akikusalimia kwa heshima, na kukupita. Vuli haina mpango, kwa hiyo haina lawama. Masika ndiyo yenye kesi.

Baiskeli yangu ilikuwa ile ya kawaida ya magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, yenye breki za fito ambazo hubana ringi ya chuma kwa vipande vya raba. Ringi ya chuma ikishalowa, raba huteleza tu, hivyo anayebana breki wakati wa masika huwa anawasilisha ombi la kusimama, na baiskeli hulitafakari kwa nafasi yake. Sanduku lilitengenezwa na seremala wa Makorora kwa mbao nyepesi, likavikwa bati ndani na nje, na maungio yake yakazibwa kwa lami ili tone la mvua lisiiguse mikate. Bibi mwenye tanuri alilipenda mno na alikuwa akiwaonyesha wageni. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewaza kwamba chombo kisichopitisha maji kutoka juu hakiyapitishi kutoka chini pia.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya mvua iliyoanza usiku wa manane na kukataa kuondoka, nilipakia mikate 60 ya boflo iliyokuwa bado na joto la tanuri, nikalifunga sanduku kwenye keria kwa vipande vya mpira, na nikasimama mlangoni kwa matumaini ya kuambiwa nisubiri.

“Mwanangu,” alisema Bibi, “chai za watu zimekwisha kuchemka.”

Mitaa ya Ngamiani ina barabara zilizopewa namba, hivyo kwa siku za kawaida mgeni aliyefika jana hawezi kupotea, mradi anajua kuhesabu. Siku ile, hata hivyo, barabara zote zilikuwa zimeungana kuwa moja, nayo ilikuwa ya maji. Niliendesha kwa kukisia katikati ya nyumba za kushoto na za kulia, na makisio yangu yalikuwa sahihi kabisa hadi nilipofika juu ya mtaro ambao mfuniko wake wa zege ulikuwa umechukuliwa na watu ambao, kwa maoni yangu, wanaufulia nguo mpaka leo. Gurudumu la mbele lilizama, mimi nikapita juu ya usukani, vipande vya mpira vikakatika, na sanduku likatua juu ya maji kwa adabu kubwa, likajizungusha mara moja kana kwamba linaaga, kisha likashika njia.

Nilipoinuka, maji yakiwa kiunoni, lilikuwa tayari limepita nyumba tatu. Wazee waliokuwa barazani wakinywa kahawa walianza kujadiliana iwapo kwenye makutano litakata kushoto au kulia, na mmoja wao akadai kwamba maji ya mtaa ule anayafahamu tangu enzi za babu yake. Hakuna aliyeteremka. Mtoto mmoja dirishani alinipigia kelele, “Mwenye mikate, inakukimbia!” na kwa kweli hiyo ndiyo taarifa pekee yenye uhakika niliyoipata asubuhi ile.

Ringi ya mbele ilikuwa imepiga nane, kwa hiyo nilibeba baiskeli begani na kuufuata mtaro kwa kukokota miguu, hadi nilipoona turubai limetandwa mbele ya nyumba na wanaume wamejibana barazani wakiikimbia mvua. Palikuwa na msiba. Nilipojitokeza pale nikihema, baiskeli begani, maji yakinichuruzika kutoka kichwani na kupitia machoni, mwanamke mmoja aliyekuwa ukumbini alinitazama, akashika kichwa, na akaangua kilio.

“Huyo wa Pangani amefika! Masikini, amekuja kwa baiskeli na mvua yote hii!”

Kilio kiliitikiwa nyumba nzima. Kabla sijaiweka baiskeli chini, mzee mwenye kanzu alikuwa amekwisha kunikumbatia, kanzu na matope, akinipigapiga mgongoni na kuniambia kwamba kazi ya Mola haina makosa. Nilijaribu kueleza, lakini pumzi ilinitosha kwa maneno mawili tu.

“Limepita hapa?”

“Limepita, mwanangu,” alijibu kwa upole. “Jana, baada ya sala ya alasiri. Hukuwahi.”

Nilimtazama kwa mshangao, kwa sababu jana alasiri hata unga wenyewe ulikuwa haujakandwa.

Waliniketisha mkekani, wakanifunika kanga mbili, na wakaniletea chai ya tangawizi pamoja na kipande kinene cha mkate. Nilikitambua kabla sijakionja. Nilipogeuza shingo nililiona sanduku langu pembeni mwa baraza, limefunguliwa, kavu ndani, likiwa na mikate isiyozidi kumi. Ilikuwa hivi: wenye msiba walikuwa na birika kubwa la chai na waombolezaji waliolala pale, lakini kijana aliyetumwa dukani alirudi mikono mitupu, kwa kuwa dukani nako walikuwa wakimsubiri mwenye mikate. Wakiwa katika fadhaa hiyo, sanduku lilikuja na kunasa chini ya kidaraja cha mnazi mbele ya mlango wao, likafunguliwa, na moshi wa mkate wa moto ukatoka. Mzee wa kanzu alitamka palepale kwamba ile ni riziki iliyoletwa, na haulizwi aliyeileta.

Dua ilisomwa ya kumwombea mtoaji baraka na kuzidishiwa. Mikono ikainuliwa, nami nikainua wangu na kuitikia amina, kwani ni vigumu kuipinga dua wakati mkate umo mdomoni.

Katikati ya amina hizo, mtu wa Pangani mwenyewe akawasili, mkavu, ameshika mwavuli. Hakuna aliyemlilia. Wanawake walimtazama kwa mashaka, na ilibidi ataje majina ya ukoo hadi mababu ndipo apishwe mkekani. Hapo nami nikalazimika kujieleza. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jina la mwenye mikate, kisha akairudia dua yote, safari hii kwa kulitaja jina hilo. Malipo hayakuzungumzwa, na sikuona mahali pa kuyachomeka.

Bibi alipopata habari hakusema neno. Alivaa baibui lake, akachukua daftari la madeni, na akaenda kudai. Alirejea baada ya adhuhuri, macho mekundu, mikono ikinukia viungo vya pilau aliyoshiriki kuipika. Alifungua daftari, na kwenye mikate 60 akaandika “ubani”. Mstari wa chini, kwa wino uleule, aliandika ringi na spoku kwenye jina langu.

Hata hivyo hakurudi mikono mitupu, kwani walikuwa wameagiza mikate 100 ya arobaini na kulipa fedha taslimu, kwa sharti moja lililotolewa na yule mzee: iletwe na yule kijana wetu wa Pangani.