Makabidhiano ya kurasa 11

Mzee wetu wa masjala alistaafu mwaka juzi, mwezi wa Sita. Tulichanga, tukamnunulia redio na blanketi zito, mkuu wa idara akahutubia, pilau likaliwa. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amewasilisha taarifa ya makabidhiano: kurasa 11, imechapwa vizuri, ina sahihi tatu na mhuri. Aliandika kila alichoulizwa. Idadi ya makabati, funguo, rejista, majalada yaliyo wazi na yaliyofungwa. Ukurasa wa nne ulisema: "Majalada yote yamepangwa kwa namba." Na ilikuwa kweli tupu.

Wiki ya tatu likatakiwa jalada la mkataba wa zamani wa pango. Rejista inalo, kabati halina. Kijana aliyeshika nafasi ile ana shahada ya utunzaji wa kumbukumbu na si mvivu hata kidogo. Alipekua siku mbili mpaka shati lake jeupe likageuka rangi ya udongo wa Dodoma. Mwisho nikampigia mzee, nikamkuta shambani kwake Hombolo. Nikaanza kumsomea namba, akanikatisha.

"Lilifunguliwa tukiwa Dar au tukiwa huku?"

"Dar, mzee."

"Basi angalieni kabati la pili kutoka dirishani, droo ya chini kabisa. Yale yalishuka na lori la mwisho, usiku, taa hakuna. Tuliyaingiza hivyo hivyo yalivyoshuka."

Dakika tano tulikuwa nalo mkononi.

Ofisi yetu ilihama katika lile wimbi lililofuata tangazo la Julai 2016, Serikali yote ije Dodoma. Maboksi yalipakiwa Dar kwa mpangilio mmoja, yakapakuliwa huku kwa mpangilio wa malori. Aliyejua tofauti hiyo ni yule aliyebeba maboksi kwa mgongo wake. Sasa swali lililonisumbua kwa siku kadhaa: kwa nini hakuliandika jambo hilo katika zile kurasa 11? Wenzangu walikuwa na jibu tayari. "Wazee hawa wanaficha, wanataka wapigiwe simu." Nami niliwahi kuamini hivyo. Nilipomuuliza mwenyewe alicheka, akasema hakujua kama hilo ni jambo la kuandika.

Michael Polanyi, mkemia mzaliwa wa Budapest aliyegeukia falsafa akiwa Manchester, alilisema hili mwaka 1966: tunaweza kujua zaidi ya tunavyoweza kusema. Mfano wake ulikuwa uso wa mtu. Simama Soko la Majengo Jumamosi asubuhi, katikati ya watu mia tano, shangazi yako akipita utamjua papo hapo. Haya, nieleze umemjuaje, ili na mimi nisiyemfahamu nikamchukue. Utaniambia ni mweusi kidogo, mfupi wa wastani, ana mwanya. Nitarudi na shangazi wa mtu mwingine.

Wataalamu wa uongozi waliokuja baadaye walitaka kuliwekea hilo ngazi. Ikujiro Nonaka wa Japani ndiye anayetajwa kuliko wote, na kisa chake cha mkate ni kitamu kweli. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita, kule Osaka, walikuwa wanahangaika na mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate unaungua ganda, ndani mbichi. Walipima kila walichoweza, hata kuupiga donge la unga picha za eksirei, wakalilinganisha na lile la mwokaji mahiri. Wapi. Ndipo mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaomba akajifunze kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja pale mjini. Akakanda naye, akimtazama mikono, mpaka akagundua kwamba mwokaji yule hulivuta donge kwa namna ya kulisokota. Akarudi kiwandani, wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya mashine, mkate ukaiva.

Kwa Nonaka, maarifa huanza kwa watu kukaa pamoja, yakasemwa, yakaunganishwa na mengine yaliyosemwa, kisha yakazama tena katika mikono ya watu wapya. Hatua nne. Zinakaa vizuri kwenye slaidi, na nadhani ndiyo maana kila semina niliyohudhuria kuhusu "usimamizi wa maarifa" imezionyesha, tukanakili, tukanywa chai, tukasaini posho. Hofu yangu ni kwamba ofisi zetu zimependa hatua ya pili na ya tatu peke yake, zile za karatasi. Ile ya kwanza haina fomu. Mimi naegemea kwa Polanyi: yako mambo hayageuki kuwa maneno hata umbane mtu vipi, na mwokaji wa Osaka angeulizwa aandike ripoti, naamini ule msokoto usingekuwemo.

Aliyenibadilisha kabisa mawazo kuhusu "wazee wanaficha" ni Gabriel Szulanski. Mwaka 1996 alichapisha utafiti uliofuatilia matukio 122 ya kuhamisha ujuzi ndani ya makampuni manane. Mazoea ya viongozi ni kudhani ujuzi haupiti kwa sababu watu hawana ari, mmoja anabania na mwingine hataki cha mwenzake. Yeye alikuta vikwazo vizito viko kwingine: anayepokea hana msingi wa kukipokea anachopewa, hata mwenye ujuzi hajui hasa ni kipi kinachofanya kazi yake iende, na uhusiano kati ya wawili hao ni mgumu.

Huo uhusiano mgumu unaonekana ukikaa masjala saa moja tu. Kijana ana shahada, mzee ana kidato cha nne. Mzee anaitwa "mzee" kwa heshima, lakini kijana hawezi kumuuliza kitu mbele ya watu, ataonekana hajui. Mzee naye hatamkosoa msomi, ataonekana ana wivu. Wanaamkiana vizuri kila asubuhi, shikamoo, marahaba, na hapo ndipo yanapoishia. Hakuna aliyeficha kitu.

Mwezi wa Tano mwaka jana nilikwenda Hombolo kumjulia hali. Nilimpigia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, yangu ya kubahatisha, akacheka, akaendelea na kazi. Alikuwa anapogoa zabibu na mjukuu wake wa miaka kama 15. Kwa maneno somo lile lilikuwa fupi sana: acha macho mawili, kata juu ya jicho, usichane gamba. Nilielewa kabla sijakaa kwenye ndoo niliyopewa. Kisha mjukuu akashika tawi nene, zuri machoni pangu, akataka kuliacha. Babu akalipinda kidogo kwa kidole gumba, akalisikiliza (siwezi kusema vingine, aliinamisha sikio), akalikata lote.

"Hili limechoka."

"Umejuaje, babu?"

"Kata lile pale, nikuone."

Hilo ndilo jibu alilopewa asubuhi nzima. Akikosea, babu anaguna. Akipatia, babu anahamia mche mwingine. Kufika saa sita mchana niliona mkasi wa kijana unasita wenyewe kwenye matawi fulani, kabla ya mguno. Mimi niliyeelewa maelezo yote nilijaribu mche mmoja. Nikaombwa nirudi kwenye ndoo.

Mtu atasema hayo ni ya shambani, ofisi ni maandishi. Kongwa, mkoa huu huu, Waingereza walianza mwaka 1947 kusafisha pori kwa ajili ya mradi wa karanga, kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo baada ya vita. Ripoti ya wataalamu ilikuwepo, na mahesabu yake, na matrekta. Udongo ukikauka ulikaza kama saruji, mizizi ikavunja majembe, mvua ikafanya inavyofanyaga Ugogo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama. Waliochunga ng'ombe kwenye nchi ile tangu utotoni walikuwepo, lakini hawakuwa na safu yao kwenye jedwali.

Siyapondi maandishi. Bila rejista tusingejua hata kwamba jalada lile lipo. Na mimi si msafi: nilipohamishwa kutoka kituo changu cha kwanza niliandika makabidhiano usiku mmoja, kurasa nne, na kwa miezi mitatu aliyenifuata alikuwa akinipigia saa za chakula. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba "kule bado wananihitaji". Aibu kidogo nikikumbuka.

Ila kwenye utumishi wa umma hatuna kisingizio cha kushtukizwa. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari ni 55. Tarehe ya mtu kuondoka inajulikana siku anayoajiriwa, imo kwenye jalada lake binafsi. Hata hivyo mrithi huletwa kiti kikiwa tayari kimepoa, miezi baada ya pilau. Kama ningekuwa na sauti, mtu wa mwisho kuajiriwa angekaa mwaka mzima ubavuni mwa anayeondoka, wakibeba majalada pamoja, wakikoseana na kugunana. Taarifa ya makabidhiano angeiandika anayepokea, anayetoka asaini tu kwamba mwenzake ameelewa.

Mhasibu wetu mmoja, mama mwenye kumbukumbu ya kutisha, anaondoka Desemba. Mwezi uliopita niliandika dokezo nikaomba binti mgeni wa kitengo chake ahamishiwe chumba kile kuanzia sasa. Jalada lilirudi Ijumaa. Kwenye folio yangu mkubwa ameandika: "Chumba kina meza moja. Mhusika aandae taarifa ya makabidhiano."