Rubani, Taja Kipimo

Mwezi wa kwanza nilimpeleka mama Minneapolis, Marekani, kumwona mdogo wangu. Ndege ilipoanza kushuka, rubani akatangaza kwamba chini ni digrii ishirini na nane. Akaishia hapo. Mama akafurahi: "Kumbe kama Dar tu!" Akalisokomeza koti begini. Mimi nilikuwa nasinzia, sikumsikia vizuri. Tulipotoka nje kungoja gari akaanza kutetemeka, meno yakigongana. Zilikuwa digrii 28 za Fahrenheit, yaani chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mama yangu ana miaka 71 na pumu.

Bado nina hasira. Neno moja tu lingetosha!

Na rubani anajua. Ripoti za hali ya hewa anazosoma, hata za viwanja vya Marekani, zimeandikwa kwa Selsiasi. Anageuza kwa ajili ya wenyeji, na sina ugomvi na hilo, kwao ni kwao. Ninachodai ni kwamba namba isitajwe bila kipimo chake, kwa sababu katika usafiri wa anga kosa hilo liliwahi kukaribia kuua watu.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu, safarini kwenda Edmonton. Ndege ilikuwa mpya, ya kupima mafuta kwa kilo, ilhali shirika lilizoea ratili. Geji za mafuta zilikuwa mbovu, ikabidi matangi yapimwe kwa kijiti na hesabu ipigwe kwa mkono. Wakazidisha lita kwa 1.77 wakaamini wamepata kilo. Kumbe 1.77 ni ratili za lita moja. Kwa kilo ni kama 0.8. Zilitakiwa kilo 22,300, nao wakaruka na chini ya nusu yake. Waliirudia hesabu ile zaidi ya mara moja na kila mara ikawapa jibu lilelile, kwa kuwa kuzidisha walizidisha sawasawa. Kilichokosewa ni jina la kipimo. Kapteni Robert Pearson, aliyewahi kurusha ndege zisizo na injini, aliishusha Gimli, Kanada, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi ambako siku hiyo watu walikuwa kwenye mashindano ya magari. Wote 69 waliokuwemo walipona. Kila nikisoma habari hii mikono inanitoka jasho.

Kuhusu futi za kupimia kimo cha ndege angani, nakubali kwa shingo upande zibaki. China wanaruka kwa mita, wageni hugeuza wakiingia, na kuibadilisha dunia nzima kwa mkupuo kungeleta hatari nyingine. Wapime watakavyo, mradi wataje.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia Amsterdam, rubani alitangaza tena digrii zake. Mama akamshika mhudumu mkono: "Mwanangu, hizo ni digrii za huku au za kwetu?" Koti hakulivua mpaka alipojibiwa.