Desemba Hii, Mwacheni Mtu Aje Mikono Mitupu

Ikishapita Jamhuri, tarehe 12 Desemba, barabara ya kutoka Nairobi kupitia Nakuru hadi huku kwetu Magharibi hujaa. Nauli inapanda, magodoro yanafungwa juu ya mabasi, na kule Kakamega, Vihiga na Siaya wazazi wanaanza kuuliza nani anakuja lini. Naupenda sana msimu huu. Hata hivyo kuna watu unaowavunja kimyakimya, na naamini mara nyingi ni sisi watu wa nyumbani tunaowavunja, tena bila kukusudia.

Wenzetu walio kaskazini ya dunia wana Desemba yao ngumu. Minnesota, jimbo la Marekani ambako ndugu zetu wengi wamehamia, siku za mwisho wa mwaka zina mwanga wa jua usiofika saa tisa kwa siku. Giza hilo huwashusha watu moyo hadi wengine wakaugua. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza ugonjwa huo mwaka 1984, na moja ya tiba zake ni kukaa asubuhi mbele ya taa yenye mwanga mkali. Sisi ikweta inatupitia hapa Maseno. Jua la Kisumu huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Huzuni yetu ya sikukuu, basi, tuitafute kwingine: mfukoni, kwenye maswali tunayoulizana, na kwa wale tuliowazika mwaka huu.

Mfikirie kijana aliyeachishwa kazi mwezi wa nane. Hajamwambia mtu. Anaishi chumba cha kupanga Nyalenda au Kondele, mitaa ya Kisumu, anapata vibarua siku moja moja, na deni la mikopo ya simu linamfuata. Desemba ikifika anapiga simu nyumbani: "Mama, mwaka huu sitaweza kuja, kazi imenibana." Mama anaelewa, hata anajivunia. Siku ya Krismasi majirani wote wamesafiri, ploti imebaki kimya, naye amejifungia ndani. Hakuna atakayemtafuta kwa sababu kila mtu anajua yuko kazini. Kijana huyu ndiye anayenikosesha usingizi kuliko mlevi anayepiga kelele sokoni, kwa sababu mlevi angalau anaonekana.

Kwa nini hasemi? Tumemlea akisikia kwamba mkono mtupu haulambwi, na tumemwonyesha kwa vitendo. Tazama kikundi cha familia cha WhatsApp kuanzia Novemba: mchango wa mabati, mchango wa ng'ombe wa sikukuu, mchango wa karo ya Januari. Majina yanaandikwa kwa orodha, kila mmoja na kiasi chake, na asiyekuwa nacho anaiona nafasi yake ikiwa wazi kila orodha inapotumwa upya. Orodha hizo ziondolewe. Mtu mmoja anayeaminika apokee pesa, atangaze jumla, basi. Atakayeuliza nani hakutoa ajibiwe kwamba hilo si lake.

Maswali nayo tuyapunguze. Senge, yaani shangazi, anayemuuliza binti mbele ya wageni atazaa lini hajui kama binti huyo alipoteza mimba mwezi uliopita. Aliyerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika hahitaji kikao cha ukoo siku ya Krismasi. Na akina mama wanaopika tangu alfajiri hadi usiku kwa siku nne mfululizo, wao mapumziko yao ni lini? Wanaume na vijana washike maji, kuni na vyombo. Hilo ni suala la afya ya akili kama mengine yote.

Kwa waliofiwa, kosa letu ni kunyamaza. Tunaogopa kulitaja jina la marehemu tukidhani tunamlinda mjane, kumbe yeye anaona tumeshamsahau mtu wake. Litajeni. Simulieni alivyokuwa akipenda sikukuu hii. Akilia, mkae naye.

Pombe haiondoi huzuni, inaizidisha kesho yake. Na unayetumia dawa za akili, beba za kutosha hadi utakaporudi mjini, usiziache kwa sababu eti uko likizo, wala usizichanganye na busaa au chang'aa.

Mtu akianza kusema amechoka na maisha, au akigawa vitu vyake na kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake. Wengi waliogopa hospitali kwa kuhofia polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali ya rufaa, iwe ya Kisumu, Kakamega au Nakuru. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao wanapokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Raha nyingi za msimu huu kwetu hazihitaji pesa nyingi. Tarehe 26 kuna tamasha la Wamaragoli pale Mbale, Vihiga. Kakamega kuna mapigano ya fahali na ngoma ya isukuti ya kuwasindikiza, na anayecheza isukuti haulizwi amekuja na nini.

Kwa hiyo wewe baba, mama, kaka mkubwa, mpigie leo yule aliyesema kazi imembana. Mwambie hakuna anayemdai kitu, aje tu na nguo zake. Mtumie nauli ya kuja, na ya kurudi pia, ili asianze kuwaza atakavyoondoka kabla hajafika.