Pointi za Jumapili zinabeba lawama zisizo zake

Kila Safari Rally inapokaribia, ubishi uleule hurudi vijiweni: inakuwaje dereva aliyepindua gari Ijumaa arudi Jumapili, akimbie steji chache tu (vipande vya barabara vinavyopimwa muda), kisha aondoke Naivasha na pointi sawa na aliyemaliza wa tano?

Hesabu yenyewe ni ya kweli. Tangu 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali yanampa mshindi wa jumla 25, wa pili 17, kisha 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Juu ya hizo kuna 5-4-3-2-1 kwa watano wenye muda bora wa Jumapili nzima, na 5-4-3-2-1 nyingine kwa watano bora wa Power Stage, steji ya kufungia pazia. Ukizoa zote za Jumapili unapata 10. Wa tano kwa jumla naye anapata 10.

Anayekasirika nampa haki yake. Ila sehemu kubwa ya hasira hiyo ni ya 2024, na mwaka ule ugonjwa haukuwa Jumapili. Ulikuwa Jumamosi usiku.

Mwaka 2024 daftari la pointi kubwa lilifungwa Jumamosi jioni, kwa mpangilio wa 18-15-13-10-8-6-4-3-2-1. Jumapili hesabu ilianza upya, 7 hadi 1 kwa siku nzima, na 5 hadi 1 kwa Power Stage. Sharti lilikuwa moja: usipofika mwisho wa rali Jumapili, zile za Jumamosi zinafutwa. Sasa tafuta humo pointi za kushinda rali, yaani kuwa na muda mfupi kuliko wote tangu steji ya kwanza hadi ya mwisho. Hazimo. Hakuna hata moja.

Matokeo yalionekana mapema. Uswidi, Esapekka Lappi alishinda rali akaondoka na 19. Elfyn Evans aliyekuwa wa pili akaondoka na 24. Sardinia ikawa kali zaidi. Sébastien Ogier aliongoza Jumamosi usiku, Ott Tänak nyuma yake. Jumapili Tänak akalipunguza pengo steji baada ya steji, tairi la Ogier likamsaliti kwenye steji ya mwisho, na Tänak akashinda kwa sekunde 0.2, tofauti ambayo hata jicho halifungi na kufunguka ndani yake. Kwa daftari la Jumamosi, Ogier alikuwa na 18 na Tänak 15, na sekunde hizo 0.2 hazikubadilisha chochote hapo. Rali ilipata mshindi mpya, ila jedwali halikusikia.

Hiyo ndiyo kasoro. Watu waliona pointi zimegawanywa vibaya, wakaona pia neno Jumapili kwenye kanuni, wakaviunganisha. Lakini ondoa pointi za Jumapili ukiacha ule mpangilio wa Jumamosi, na Tänak angebaki kudhulumiwa vilevile. Rudisha pointi kubwa mwisho wa rali, kama ilivyofanyika 2025, na Jumapili inakaa mahali pake bila kumuumiza mtu.

Tupige hesabu kwa makini, maana hapa ndipo ubishi huishia. Chukua mshindi anayelinda gari Jumapili asipate pointi ya ziada hata moja. Kwa kanuni ya 2024 aliyeongoza Jumamosi angebaki na 18. Aliyekuwa wa tano Jumamosi, mwenye 8, akizoa 12 za Jumapili anafika 20 na kumpita. Wa nne anafika 22. Yaani watu wanne nyuma yake, kila mmoja kwa zamu yake, angeweza kumshinda kwa pointi. Kwa kanuni ya sasa mshindi huyo ana 25. Wa tano akizoa zote 10 anafika 20, wa nne 22, wa tatu 25 na kulingana naye. Ni wa pili pekee anayeweza kumpita, kwa 26 au 27, na ili afike huko lazima azoe angalau 9 kati ya zile 10 za Jumapili. Mshindi akiokota pointi 3 tu siku hiyo, hafikiwi na yeyote.

Na kwa nini Jumapili ilipwe kabisa? Kwa sababu kabla ya 2024 ilikuwa siku ya usingizi. Chukua dereva wa tatu, dakika moja nyuma ya wa pili na dakika mbili mbele ya wa nne. Anajua 15 zake ziko salama, na pointi pekee zilizobaki mezani ni za Power Stage. Basi anafanya jambo la akili: anaweka matairi mawili ya akiba badala ya moja, anakanyaga breki mapema kila penye jiwe, hakati kona, na matairi yake mazuri hayaguswi mpaka steji ya mwisho. Saa nzima za steji zinapita kama msafara wa harusi. Mashabiki waliolala kwenye mahema tangu alfajiri wanapitiwa na gari linalotafuta tu kufika. Dereva hana kosa, kanuni ndiyo iliyomlipa apunguze mwendo. Ukihesabu muda wa siku nzima, kila sekunde aliyoipoteza asubuhi kwa kujitunza anailipia jioni.

Upande wa pili una hoja, na hoja yake nzito zaidi inatoka hapahapa kwetu. Safari haikujengwa kwa mbio za kasi za siku moja. Mwaka 1963 na tena 1968 yalifika mwisho magari saba tu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walilingana pointi za adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Falsafa ni ileile: anayelitunza gari ndiye dereva. Na kulitunza kunafika hadi Jumapili. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika moja. Kwenye Loldia, steji ya kwanza ya siku hiyo, suspensheni ya nyuma ikavunjika na rali ikamwishia pale. Mwaka 2024 Kalle Rovanperä alishinda Safari kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Mtu wa aina hiyo, ukimwambia akimbie steji ya Hell's Gate kwa nguvu zote ili apate pointi chache, unamwambia asahau somo la Loldia. Naikubali hoja hii, na ndiyo sababu ukubwa wa pointi za Jumapili ni muhimu: 12 dhidi ya 18 zilikuwa tishio kwa kiongozi, 10 dhidi ya 25 ni kishawishi anachoweza kukikataa.

Ya aliyeanguka Ijumaa ina pande mbili pia. Anarudi kwa adhabu ya dakika 10 kwa kila steji aliyoikosa, kwa hiyo nafasi ya jumla ameshaipoteza. Bodi la gari na bloku ya injini lazima viwe vilevile alivyoanza navyo, na wakaguzi wakikuta kizimba cha usalama, yaani mabomba ya chuma yanayomlinda dereva, kimepinda, harudi. Na akirudi anatangulizwa barabarani, anafagia kokoto na vumbi ili wenzake walio nyuma wapate mshiko. Kwenye steji ya Oserian, palipokauka, kufagia kunagharimu sekunde nyingi. Kwa hiyo 10 za aliyeanguka si sadaka. Anazipata kwa kuwa mwepesi kuliko wote akiwa kwenye barabara mbaya kuliko wote. Mvua ya usiku tu ndiyo humpindulia mambo, kwa sababu anayetangulia hapo hukuta njia ambayo haijachimbuliwa. Nafuu hiyo mimi naiona ni kubwa mno, na ningependa arudiaye baada ya kukosa siku nzima apate pointi za Power Stage tu.

Anayedhani Jumapili ni pambo akumbuke Japani 2024. Tänak, dereva wa Hyundai, aliamka Jumapili akiongoza, akagonga asubuhi, na pointi zake 18 za Jumamosi zikayeyuka. Toyota wakachukua ubingwa wa watengenezaji kwa 561 dhidi ya 558 za Hyundai. Na bingwa wa madereva alikuwa Neuville, aliyeshinda rali mbili mwaka mzima, Monte Carlo na Acropolis, wakati Rovanperä, ambaye hakushiriki msimu wote, alishinda nne.

Mwaka uliofuata waliotaka mshindi apewe haki yake waliipata, na gharama yake ikamwangukia mshindi wa Naivasha. Evans aliendesha rali zote 14 za 2025, akashinda mbili, mojawapo Safari. Ogier aliendesha 11, akashinda sita, akawa bingwa kwa 293 dhidi ya 289. Pointi nne, chini ya ushindi wa Power Stage moja. Na Kenya hakuja.