Mtazamaji Mmoja wa Kremlin

Wengi wanaoandika juu ya Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, na sinema huishia kwenye vioja: kwamba dikteta huyo alipenda vichekesho vya Charlie Chaplin na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, na kwamba alikuwa akikesha na wenzake katika ukumbi wake wa sinema ndani ya Kremlin, ngome ya utawala mjini Moscow. Kwangu mimi jambo zito ni jingine. Wasanii wa nchi nzima walijikuta wakimtengenezea filamu mtu mmoja, naye akaishia kuijua nchi yake kupitia filamu hizo hizo.

Katikati ya miaka ya 1930 aliyempelekea filamu usiku alikuwa Boris Shumyatsky, mkuu wa sinema ya Kisovieti, ambaye aliandika kumbukumbu za maoni ya bosi wake. Mwaka 1938 alipigwa risasi. Mwaka huo huo ilitoka Volga-Volga, komedi ya nyimbo ambayo Stalin aliipenda mno, ilhali mpiga picha wa filamu hiyo, Vladimir Nilsen, alikuwa amekwisha kuuawa.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha Februari 1947, mwongozaji wa filamu Sergei Eisenstein alipoitwa Kremlin usiku pamoja na mwigizaji Nikolai Cherkasov kuhusu sehemu ya pili ya filamu yao juu ya Tsar Ivan wa Kutisha, mfalme wa Urusi, iliyokuwa imepigwa marufuku. Walijadili ndevu za Ivan, na Stalin akalalamika kwamba mfalme alimbusu mkewe kwa muda mrefu mno. Ungedhani ni mhakiki mwenye makeke tu, mpaka ufike pale aliposema kuwa Ivan ameonyeshwa kama mtu anayesitasita, kwamba filamu ieleze kwa nini ukatili wake ulikuwa wa lazima, na kwamba kosa la Ivan lilikuwa kutozimaliza koo tano kubwa za makabaila. Hapo hazungumzwi mfalme wa karne ya 16. Eisenstein alifariki mwaka uliofuata bila kuirekebisha, na watu waliiona mwaka 1958.

Woga ulipozidi, kazi zenyewe zikapungua, hata mwaka 1951 filamu kubwa za hadithi zikawa chache mno kwa nchi ya ukubwa ule. Chache zilizopita zilionyesha mashamba ya pamoja yenye neema tele. Katika hotuba yake ya 1956, Nikita Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, alisema kwamba Stalin alikijua kilimo kwa kupitia filamu tu, ambamo meza za wakulima zilielemewa na batamzinga na mabata bukini. Khrushchev alikuwa na sababu zake za kisiasa za kumchafua marehemu, lakini katika hili namwamini, kwa kuwa alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa ukumbi ule, na ndiye aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa Ukraine njaa ilipopiga mwaka 1946 na 1947.